Ufundi wa Kukesha

Chumba hakina dirisha. Taa zimefifishwa hadi chini ya luksi kumi, mwanga unaotosha kumtambua anayeingia lakini si wa kusomea gazeti kwa raha. Kijana ameegemea kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwani, na hapo ndipo atakapokaa kwa saa arobaini hivi. Haruhusiwi kutembea, wala kunyoosha miguu kwenye korido. Kila baada ya saa moja analetewa chakula kidogo cha kipimo kilekile, na maji ya kipimo kilekile. Kichwani amebandikwa elektrodi, na mkononi ana kanula yenye mrija mrefu ambao mara nyingi hupenyezwa ukutani hadi chumba cha pili, ili damu ivutwe bila mtu kuingia. Ana kazi moja tu, nayo ni kutolala. Katika chumba hicho cha pili kuna mtu anayetazama mawimbi ya ubongo wake kwenye skrini. Yakianza kulegea, anamwita.

Utaratibu huu usiobadilika ulielezwa mwaka 1978 na watafiti watatu wa Manchester, Uingereza: Mills, Minors na Waterhouse. Ukiusoma juujuu unaonekana kama adhabu. Mimi naona ni moja ya kazi nadhifu zaidi za mikono ya sayansi, na bila huo tusingekuwa na la kusema kuhusu jeni za saa ya mwili na uwezo wa mtu kufikiri.

Shida ilikuwa hivi. Joto la mwili hupanda na kushuka kwa mzunguko wa siku nzima, na hufika chini kabisa karibu saa kumi au kumi na moja alfajiri. Lakini joto hilohilo hupanda mtu akipanda ngazi, hupanda akila, hushuka akilala. Melatonini, homoni inayomwagika usiku, hukatizwa na mwanga. Kwa hiyo ukimpima mtu anayeishi siku yake ya kawaida utapata mchoro mzuri unaopanda na kushuka, na hutajua ni sehemu gani ya mchoro huo ni ya saa iliyomo mwilini na ni sehemu gani ni ya ngazi, wali na kitanda. Watafiti hawakuweza kumnyima mtu chakula siku mbili, basi wakakigawa sawasawa kwa kila saa. Hawakuweza kuondoa mkao, basi wakamwachia mkao mmoja. Hawakuweza kufuta tofauti ya kulala na kuwa macho, basi wakamweka macho mfululizo. Ni kupeta mchele kwenye ungo: pumba zote zikishapeperushwa, kinachobaki kinacheza ndicho chenyewe. Mtu amelala palepale, anakula kilekile, kwenye mwanga uleule, na bado joto lake linashuka alfajiri. Hapo huna wa kumshuku ila saa.

Hata hivyo fundo moja hubaki. Ikifika saa kumi na moja alfajiri, kijana wetu yuko kwenye shimo la saa ya mwili, na wakati huohuo amekuwa macho kwa saa ishirini na kitu. Akikosea hesabu, kosa ni la nani: la saa, au la deni la usingizi? Katika chumba hicho vyote viwili vinakwenda pamoja, na kuvitenganisha kulihitaji ujanja mwingine, ambao mbegu yake ilikuwa imepandwa miaka arobaini nyuma.

Mwaka 1938 Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago alishuka na mwanafunzi wake Bruce Richardson katika pango la Mammoth, Kentucky, wakakaa humo siku 32. Pango lina giza tupu na baridi isiyobadilika, nyuzi kama 12 za Selsiasi. Waliishi kwa siku ya saa 28, yaani saa tisa za kulala na kumi na tisa za kuwa macho, wakitaka kuona kama mwili utakubali. Joto la Richardson liliifuata ratiba mpya. La Kleitman, aliyekuwa na umri wa miaka arobaini na ushee, liligoma likabaki kwenye mzunguko wa saa 24. Watu wawili, majibu mawili; kama utafiti, jaribio hilo halikuthibitisha kitu. Ila lile wazo la kumpa mtu siku ambayo mwili wake hauwezi kuifuata lilikuwa dhahabu, na lilikaa muda mrefu likisubiri mtu wa kulisafisha.

Kabla hajapatikana, Wajerumani walichukua njia nyingine. Jürgen Aschoff na Rütger Wever walijenga makazi chini ya ardhi huko Andechs, karibu na Munich, na kuanzia miaka ya 1960 mamia ya watu waliingia humo mmoja mmoja wakaishi kwa wiki kadhaa bila saa, redio wala jua, wakilala na kuamka wanapotaka. Saa ya binadamu ilionekana kuzunguka kwa saa 25 hivi. Idadi hiyo iliingia vitabuni ikakaa huko miaka mingi, na bado utakutana nayo.

Ilikuwa na kasoro, na kasoro yenyewe ilikuwa swichi ya taa. Mle ndani mkaaji aliruhusiwa kuwasha na kuzima taa yake. Akichelewa kulala, aliiacha ikiwaka. Na mwanga wa usiku huisukuma saa ya mwili nyuma, ili kesho yake achelewe tena kidogo. Aliyedhaniwa anaachwa huru alikuwa anaisogeza saa yake kwa kidole chake mwenyewe kila usiku. Napenda sana habari hii, kwa sababu haikuhitaji mashine mpya kuigundua. Ilihitaji mtu wa kukaa na kujiuliza nani anashika swichi.

Charles Czeisler na wenzake wa Boston ndio waliolisafisha wazo la pango. Walififisha taa kabisa, wakawapa watu siku ya saa 28, na hapa ndipo hesabu inapopendeza: siku sita za saa 28 ni sawasawa na siku saba za saa 24, kwani zote ni saa 168. Saa ya mwili haiwezi kuvutwa hadi 28 kwenye mwanga hafifu, hivyo inaendelea na mwendo wake, na kitanda kinaizunguka. Leo unalala usiku wa mwili wako, keshokutwa unalala adhuhuri yake. Katika wiki chache kila saa ya mwili imekutana na mtu aliyetoka kuamka na mtu aliyechoka, na sasa mtafiti anaweza kuligawa kosa: fungu hili la saa, fungu hili la deni la usingizi. Mwaka 1999 walitoa jibu kutoka kwa watu 24, vijana na wazee: saa ya binadamu huzunguka kwa saa 24 na dakika 11 hivi, na watu hutofautiana kidogo mno. Zile dakika hamsini za ziada za Andechs zilikuwa za taa.

Katika maabara zinazoficha wakati namna hii, wafanyakazi hufundishwa kutotoa hata fununu. Zamu hupangwa bila mpangilio unaokisiwa, hakuna wa kusema habari za asubuhi, na mwanamume huingia amenyoa ili ndevu zisije zikamsemea kwamba siku imekwisha. Mtu wa Pwani angetaabika, kwa sabalkheri na masalkheri zetu. Shikamoo ingepita, maana haijali saa.

Kazi hiyo ya Boston ilitoa jambo ambalo watu wengi hawalidhanii. Derk-Jan Dijk, Mholanzi aliyekuwa huko miaka ya 1990 mwanzoni, alipogawa mafungu na wenzake walikuta kwamba saa ya mwili humsukuma mtu awe macho kwa nguvu zaidi jioni, karibu na muda wake wa kwenda kulala, na humwacha chini kabisa alfajiri, kuelekea mwisho wa usiku wake. Ndiyo maana mtu aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi bado anaweza kupiga hesabu za duka saa mbili usiku. Uchovu umerundikana mchana kutwa, lakini saa inaubeba. Inapouachia, unaanguka wote kwa mpigo.

Dijk alihamia baadaye Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, akaikuta meza ya watu wa jeni. Nao walikuwa na historia yao ya subira. Mwaka 1971 Ronald Konopka na Seymour Benzer huko California walitangaza nzi wa matunda wa aina tatu waliopotoka: mmoja saa yake ilizunguka kwa saa 19, mwingine kwa saa 28, na wa tatu hakuwa na mzunguko kabisa. Makosa yote matatu yalikuwa mahali pamoja kwenye kromosomu moja, katika jeni iliyoitwa period. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young waliifungua jeni hiyo miaka ya 1980, wakapata Nobeli mwaka 2017. Gurudumu lenyewe kwa mamalia liko hivi: protini mbili, CLOCK na BMAL1, huziwasha jeni za PER na CRY; protini za PER na CRY hujazana taratibu, hurudi kwenye kiini cha seli na kuwazima wale waliowasha; kisha huoza, na mambo huanza upya. Mzunguko mmoja ni kama siku. Saa hii imo karibu katika kila seli, na inaongozwa na kundi la niuroni zipatazo 20,000 lililo juu ya makutano ya mishipa ya macho.

Jeni ikiharibika vibaya, huhitaji chumba kisicho na dirisha. Mwaka 2001 watafiti wa Utah walieleza familia ambayo baadhi ya jamaa zake husinzia mapema jioni, kama saa moja na nusu, na kuwa macho kabisa saa kumi na nusu alfajiri. Herufi moja ilikuwa imebadilika katika jeni ya PER2. Familia yenyewe ilikuwa inajua siku nyingi nani atalala kabla ya chakula cha usiku. Ufundi unahitajika pale tofauti inapokuwa ndogo, na tofauti ndogo ndizo tulizonazo wengi wetu.

PER3 ni mfano wake. Ndani ya jeni hiyo kuna kipande cha herufi 54 kinachojirudia. Kwa watu wengine kinajirudia mara nne, kwa wengine mara tano, na kwa kuwa kila mtu hurithi nakala mbili, kuna wa nne-nne, wa nne-tano na wa tano-tano. Mwaka 2003 Simon Archer na wenzake wa Surrey walionyesha kwamba kipande kirefu huandamana na tabia ya kupenda asubuhi. Kwa nini aina zote mbili zidumu kati ya watu ni swali zuri, na jibu moja linalopendekezwa lina mizizi Tanzania. David Samson na wenzake waliwavalisha Wahadza 33 wa eneo la Ziwa Eyasi vifaa vya mkononi vinavyosoma mwendo wa mwili, kwa siku 20, wakatoa matokeo mwaka 2017: kati ya zaidi ya saa 220 za usiku, dakika ambazo watu wazima wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Karibu daima kulikuwa na mmoja aliyeamka, na kambi yenye walala mapema na walala usiku wa manane hujilinda bila kupanga zamu. Utafiti huo ulisoma mwendo wa mkono, haukusoma jeni, lakini unaipa hoja mahali pa kusimama.

Surrey walipanga kazi yao kinyume na desturi. Desturi ni kupima watu, kisha kutafuta jeni inayoeleza tofauti zao. Wao walitangulia kupima vinasaba vya watu wengi, wakachagua 24: kumi wa tano-tano na kumi na wanne wa nne-nne, vijana wenye afya, kisha wakawaingiza kwenye utaratibu ule wa kukesha. Matokeo ya Antoine Viola na wenzake yalitoka mwaka 2007. Na hapa ndipo utaratibu ulipolipa gharama zake. Melatonini ya makundi mawili ilipanda na kushuka kwa wakati uleule. Kotisoli, homoni nyingine, hali kadhalika. Saa zilikuwa zinakwenda pamoja. Ila wa tano-tano walipolala walizama zaidi katika usingizi mzito, na walipokesheshwa akili zao zilianguka zaidi. Jeni ya saa ilikuwa imegusa kitu kingine kabisa, uzito wa deni la usingizi, na hakuna mtu angeliona hilo kama saa yenyewe haikuwa imewekwa wazi kwanza, ili ionekane kwamba haihusiki.

Unapimaje akili inavyoanguka? Kipimo kinachotumika zaidi kilitengenezwa na David Dinges na John Powell mwaka 1985, na ukikiona utafikiri ni mchezo wa mtoto. Mbele yako kuna kidirisha cheusi. Kwa muda usioujua, kati ya sekunde mbili na kumi, zinatokea namba nyekundu zinazohesabu milisekunde. Bonyeza kitufe upesi. Namba zinasimama, na unaona umechukua muda gani. Tena. Tena. Dakika kumi hivyo. Hakuna cha kujifunza, na hiyo ndiyo akili ya kipimo: mtu hawezi kuwa hodari zaidi kwa kukirudia, kwa hiyo unaweza kumpa kila baada ya saa mbili usiku kucha na bado ukapima kitu kilekile. Aliye mzima hubonyeza kwa robo sekunde hivi. Akizidisha nusu sekunde, huandikwa kwamba amepotea. Kukesha kukikolea, kupotea huku huja kwa mafungu: mara tatu nne upesi, halafu namba zinakwenda hadi elfu mbili, elfu tatu, na mtu amekodoa macho.

Kipimo cha pili ni kigumu kwa namna nyingine. Herufi zinapita moja baada ya nyingine, na unatakiwa kusema kama hii ni sawa na ile iliyopita hatua tatu nyuma. Mkono hautoshi hapa; lazima ushike herufi tatu kichwani, utupe ya zamani, uingize mpya, bila kuchanganya. Ndiyo kazi ya karani anayehamisha hesabu, ya dereva anayekumbuka nani ashuke kituo gani huku akitazama barabara.

John Groeger na wenzake waliyapitia upya makosa ya wale waliokesheshwa Surrey, wakachapisha mwaka 2008. Tofauti ya makundi haikuenea usiku mzima. Ilijikusanya kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, na zaidi kwenye kazi zile za kushika na kupanga mambo kichwani. Kabla ya hapo, walikwenda karibu sawa. Mtafiti ambaye angepanga kipimo chake saa sita mchana kwa sababu ndipo wasaidizi wake wanapokuwapo, angeondoka akiandika kwamba jeni hii haina lolote. Nami huwazia wauguzi na walinzi wa zamu ya usiku, ambao dirisha hilo la saa mbili ndilo la kuhesabu dawa, kuandika ripoti na kukabidhi funguo.

Wabelgiji wa Liège, wakishirikiana na Surrey, waliwaingiza watu wa aina hizo mbili kwenye mashine ya MRI wakifanya kipimo cha herufi. Gilles Vandewalle na wenzake waliandika mwaka 2009 kwamba asubuhi baada ya kukesha, ubongo wa nne-nne uliita maeneo ya ziada kusaidia, wakati wa tano-tano ulipunguza kazi katika maeneo mengi, hasa sehemu ya mbele. Mwaka 2016 Vincenzo Muto na wenzake wa Liège walifika mbali zaidi kwa subira: watu 33, saa 42 macho, na mara 13 ndani ya mashine kwa kila mmoja. Maeneo ya ndani ya ubongo yalipanda na kushuka yakifuata melatonini. Gamba la nje lilisikiliza saa na deni la usingizi kwa pamoja, na kila eneo kwa kiwango na wakati wake. Kumweka macho mtu kwa saa 42 na kumfanya alale kimya ndani ya bomba linalonguruma, tena na tena, bila kusinzia si jambo ninaloweza kulipita haraka. Kuna watu waliosimama pale usiku kucha ili hilo liwezekane, na majina yao hayamo kwenye jedwali lolote.

Philadelphia walikuja na jibu jingine. Namni Goel, na Dinges yule wa namba nyekundu, waliwapima watu 129 na kuchapisha matokeo mwaka 2009, lakini hawakuwakeshesha. Waliwapa saa nne kitandani kila usiku, usiku tano mfululizo, ambayo ni hali iliyo karibu zaidi na maisha ya watu wengi. Aina za PER3 hazikutofautiana kwenye vipimo vya akili. Kila kundi lilianguka, na ndani ya kila kundi watu walipishana sana. Lakini kwenye mawimbi ya usingizi, wa tano-tano walizama zaidi kadiri siku zilivyokwenda, kama ilivyoonekana Surrey. Vyumba viwili vilivyopangwa tofauti, kimoja na kingine ng'ambo ya bahari, vimekubaliana juu ya kina cha usingizi na kupishana juu ya kufikiri. Kwa hiyo wenye kazi hii wakiandika kuhusu PER3 na akili, neno “huenda” bado limo, nalo ni neno lililokesheshwa na kupimwa kama mengine yote.